Msandali na Jirani Zake

Msandali ni mti mdogo wa vichakani, ambao hupenda vilima vyenye mawe katika nchi zenye mvua chache. Katika Kenya waonekana Samburu, katika vilima vya Chyulu, na penginepo. Mtu asiyeujua hupita karibu nao asiutambue. Lakini walanguzi wautambua sana, kwa kuwa ndani ya moyo wake na mizizi yake mna mafuta yanukiayo, nayo hutumika katika kutengeneza manukato ya thamani katika nchi za mbali.

Thamani hiyo ndiyo iliyouletea msandali msiba. Mti ukatwao kwa panga huacha kisiki, na kisiki huenda kikachipuka. Msandali haukatwi tu. Hung'olewa pamoja na mizizi, pakabaki shimo. Kijana aliyechimba hulipwa kidogo, na faida kubwa huwaendea wengine.

Tena yafaa mkulima afahamu mambo mawili. La kwanza, mizizi ya msandali hujishikiza katika mizizi ya miti iliyo jirani, ikanyonya humo maji na chakula. Basi mwenye kufyeka kichaka chote na kuuacha msandali peke yake, akidhani ameuhurumia, kwa kweli ameunyima riziki. La pili, iko misandali dume na misandali jike, kama ilivyo mipapai. Kilima kikibakiwa na madume matupu, hakuna mbegu, wala ndege hana tunda la kula na kuzitawanya mbegu zake.

Mwaka 2007 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa msandali. Mwaka 2013 mataifa yaliyokutana Bangkok yaliutia msandali wa Afrika Mashariki katika orodha ya mimea isiyouzwa ng'ambo bila kibali. Hata hivyo, malori yenye shehena za magendo yamekamatwa mara nyingi tangu hapo. Sheria hulinda barabara na bandari; kilima hulindwa na wenyeji wake.

Kwa hiyo mwenye msandali katika ardhi yake asiufyeke uwanda unaouzunguka, awazuie mbuzi wasile miche, na akiona wageni waja usiku na majembe, ampashe chifu habari mapema. Wazee husema, ukipenda boga, penda na ua lake. Apendaye msandali, na akipende kichaka chake.