Kirusi Kinachoziba Mdomo



Mwezi huu naacha mahindi. Nazungumza juu ya mbwa.

Kichaa cha mbwa huletwa na kirusi. Kirusi ni kijidudu kidogo mno, hakionekani kwa macho. Kimo katika mate ya mbwa mgonjwa. Mbwa huyo akikung'ata, mate huingia kwenye jeraha.

Mwili wako una walinzi tangu ulipozaliwa. Wezi wakivunja nyumba usiku hapa Itumba, mwenye nyumba hupiga yowe. Majirani hutoka na marungu. Mwili nao hufanya hivyo. Chembe ya mwili ikivamiwa na kirusi hupiga yowe lake, nalo linaitwa intaferoni. Wataalamu wawili, Alick Isaacs na Jean Lindenmann, waliligundua huko London mwaka 1957. Chembe za jirani zikilisikia hufunga milango.

Lakini kirusi cha kichaa cha mbwa ni mwizi mjanja. Huziba mdomo wa chembe, yowe lisitoke. Likitoka, huziba masikio ya jirani. Tena hakivunji nyumba. Huingia katika mishipa ya fahamu na kusafiri kimya kimya hadi kwenye ubongo. Mara nyingi huchukua mwezi 1 hadi 3 kabla ugonjwa haujaonekana. Jeraha limepona, umesahau. Kisha unaogopa maji. Karibu kila mtu anayefikia hapo hufa.

Mimi niling'atwa mguuni. Jeraha lilikuwa kama mkwaruzo wa mwiba. Niliona haya kwenda hospitali kwa kitu kidogo hivyo, nikakaa siku 2. Mke wangu ndiye aliyenifukuza nyumbani. Mganga alinigombeza, akanichoma sindano. Chanjo huwaonyesha walinzi sura ya mwizi akiwa bado njiani.

Kwa hiyo, ukiumwa na mbwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Osha dakika 15. Usipake pilipili wala mafuta ya taa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umalize sindano zote. Mtoto aking'atwa huenda akaficha, akiogopa kuchapwa. Muulize kwa upole.

Na mbwa wetu? Wengine husema wabaya ni wale wa ng'ambo ya Mto Songwe. Mbwa hajui mpaka! Wakichanjwa mbwa 7 katika kila 10, kirusi hukosa pa kupita. Bwana mifugo akitangaza siku ya chanjo, mlete wako akiwa na kamba shingoni.

Mwezi ujao tutarudi kwenye mahindi.