Vitri Imeanguka Ndani ya Mulango: Fungua Kwanza, Kisha Ununue



Mwezi huu tunazungumuza juu ya jambo dogo linalokula feza nyingi nyumbani: vitri ya motokari inayokataa kupanda. Motokari nyingi za kwetu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilifika hapa zikiwa zimekwisha kutumika miaka mingi katika inchi zingine. Vipande vya plastiki vilivyo ndani ya milango vimezeeka. Siku moja unafinya butoni, unasikia "krrr!", na vitri inashuka yote ndani. Wakati wa kiangazi vumbi ya barabara inaingia na watoto wanakohoa. Wakati wa mvua viti vinalowana. Usiku mwizi anakuta njia wazi.

Ndipo mutu anakimbia garaji, naye anaambiwa: "Mashini yote imekufa, nunua ingine." Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi kilichokufa ni kipande kimoja tu, na feza ya mashini nzima inaweza kuwa ndiyo feza ya masomo ya mutoto. Kwa hiyo shauri letu ni hili: usinunue kitu mbele ya kujua kile kilichoharibika.

SIKILIZA KWANZA

Washa kontakti, finya butoni, tega sikio.

Moteri inalia lakini vitri haitembei? Basi umeme unafika. Kabule imekatika, ao plastiki inayoshika vitri imevunjika.

Vitri zote ziko kimya? Angalia fuzibule. Weka ingine yenye ampere zile zile zilizoandikwa juu yake. Usitie kipande cha waya ao karatasi ya kung'aa ya sigara. Watu wanafanya hivi kila siku, lakini kamba za umeme zinaweza kuwaka moto watoto wakiwa ndani.

Vitri moja tu ndiyo kimya? Jaribu butoni ya mulango ule, kisha ile ya dereva. Moja ikifanya kazi na ingine hapana, ugonjwa uko katika butoni. Zote mbili zikikataa, tazama kamba za umeme pale mulango unapokunjika. Kila mara unapofungua na kufunga zinapindana, mwisho zinakatika ndani ya mupira bila kuonekana.

Inapanda polepole na kusimama katikati? Mara nyingi ni vumbi katika mipira ambamo vitri inapita. Sukula mipira hiyo kwa kitambaa na maji ya sabuni, acha ikauke, kisha tia silikoni. Usitie mafuta ya moteri: yanashika vumbi na kuharibu mupira. Hapo umemaliza kazi bila kufungua mulango.

Na kama ni vitri ya kuzungusha kwa mukono, manivela ikizunguka bure, itoshe na uangalie meno yake ya ndani. Yakiwa yameisha, unanunua manivela tu.

NAMNA YA KUFUNGUA

Tafuta turunevisi mbili, funguo 10, pensi, skoci nene na glovu. Chuma cha ndani ya mulango kinakata kama wembe.

1. Vuta vitri juu kwa mikono miwili, polepole, musaidizi akiwa upande wa pili. Ifunge kwa skoci kutoka ndani, kupita juu ya mulango, mpaka inje. Weka skoci sehemu mbili. Usipige vitri kwa chuma: vitri za pembeni, kwa motokari nyingi, zikivunjika zinakuwa vipande vidogo vidogo mara moja.

2. Tosha waya wa bateri wa upande wa kutoa (–).

3. Tosha visi za mahali pa kushikia mulango. Nyingi zimefichwa chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Manivela nyingi zinashikwa na waya mdogo uliopindwa. Pitisha kitambaa nyuma ya manivela, ukivute huku na huku kama mutu anayepiga viatu rangi. Waya utaruka, mutoto asiukanyage.

4. Ngoa kifuniko cha mulango kidogo kidogo, karibu na kila kishikizo. Kijiko kilichozungushiwa kitambaa kinatosha. Kisha kiinue juu, chomoa kamba za umeme.

5. Utaona nailoni imebandikwa. Usiipasue! Nailoni hiyo inazuia maji ya mvua yasiingie mahali pa miguu. Ibandue pole, utairudisha.

KUPATA UGONJWA

Sasa angalia kwa taa. Mashini ziko za namna mbili. Moja ni ya kabule inayopita katika vigurudumu. Plastiki ikiwa imevunjika na kabule ni nzima, tafuta plastiki peke yake, hata ya motokari iliyobomolewa. Kabule ikiwa imekatika, usiifunge fundo: fundo halitapita katika kigurudumu, na moteri itaumia. Hapo ndipo inafaa kununua kabule mupya ao mashini ya okazyo.

Namna ya pili ni ya mikono ya chuma kama mukasi. Mara nyingi iko na springi yenye nguvu. Usitoshe moteri mbele ya kufunga mikono hiyo kwa nguvu, kwani inaweza kuruka na kuvunja vidole. Kama haujawahi kuifanya, muachie fundi anayeijua. Utamulipa kazi moja tu, kwa sababu mulango umeisha kufunguliwa.

Ukienda kununua, chukua piyese ya zamani mukononi. Ya kushoto si ya kuume, ya mbele si ya nyuma.

Mbele ya kufunga, tia grasi kidogo kwenye chuma ambamo mashini inatembea. Zibua matundu yaliyo chini ya mulango, ili maji yapate njia ya kutoka. Rudisha waya wa bateri, jaribu vitri mara tatu ine, kisha urudishe nailoni na kifuniko.

KAMA FEZA HAIJAPATIKANA

Usifunge shimo kwa karatasi ya plastiki mwezi mzima. Pandisha vitri mpaka juu, pima kutoka chini ya vitri mpaka mahali pa chuma kigumu ndani ya mulango. Kata ubao wa kipimo hicho, vika mwisho wake kipande cha shambreri, uusimamishe chini ya vitri na uufunge vizuri usianguke. Usiguse vyuma vya seruri. Jaribu mulango mara nyingi: inafaa ufunguke kutoka ndani na kutoka inje. Vitri itabaki imefungwa, watoto hawatakula vumbi, nanyi mutatafuta piyese kwa utulivu. Lakini usifanye hivi kwa mulango wa dereva.

VIDOLE VYA WATOTO

Vitri iliyotengenezwa inapanda kwa nguvu. Katika motokari nyingi za zamani haisimami hata ikikuta mukono ao shingo ya mutoto. Kuna butoni kwa dereva inayofunga vitri za nyuma: itumie. Na ukishuka, hata kwa dakika moja kununua mukate, beba funguo ya kontakti.

Vijana, kazi hii inaomba mangaribi moja na uvumilivu. Weka visi zote ndani ya sahani moja, kwa mufuatano wa kuzitosha. Utakapomaliza, kama kumebaki visi moja katika sahani, haujamaliza.