Karanga za Kencom

Agosti iliyopita nilikuwa Kencom jioni nikingoja gari la Kawangware, nikanunua karanga za shilingi 20. Mama muuzaji akanipimia katika karatasi iliyokunjwa pembe. Tulipofika Valley Arcade karanga zilikuwa zimeisha. Nikaikunjua ile karatasi na kukuta ni ukurasa wa pili wa fomu ya mkopo: jina kamili, nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA, simu ya mwenyewe na ya mkewe, mshahara, saini. Chumvi ilikuwa imetia doa kwenye muhuri tu. Mengine yote yalisomeka.

Karatasi ya ofisi Nairobi haifi. Huuzwa kwa kilo, nyingine ikaenda kiwandani kuwa tishu, nyingine ikafungia mandazi. Ni riziki ya watu, na sina ugomvi na muuza karanga.

Ugomvi wangu ni na sisi wenyewe, Wakenya tunaoishi ughaibuni. Huku Marekani tumeshika adabu. Lori la kusaga karatasi likija kwenye maegesho ya maktaba, tunapanga foleni na maboksi yetu. Tena tuna sababu: tangu 1988, katika kesi ya California dhidi ya Greenwood, Mahakama ya Juu ilikwishaamua kwamba taka ukishaziweka kando ya barabara, polisi wanaweza kuzipekua bila kibali. Basi tunasaga hata bahasha. Halafu Desemba tunatua JKIA, na kabla ya wiki kwisha tumeacha nakala za kitambulisho nusu ya mji: kwa wakili, kwa ajenti wa nyumba Kileleshwa, na kwenye kompyuta ya saiba pale Tom Mboya Street tulikoskani hati ya shamba na kuondoka mbio kuwahi matatu.

Bado daftari la askari getini. Jina, nambari ya kitambulisho, simu, saa ya kuingia. Na anayefuata kwenye foleni anasoma ya kwako huku akiandika yake. Juni 2021, Wakenya wengi walipochungulia eCitizen na kujikuta wanachama wa vyama vya siasa wasivyowahi kujiunga navyo, madaftari hayo yalikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kunyooshewa kidole. Yakijaa huenda wapi? Muulize askari, atakuonyesha pembe ya kibanda chake.

Mwenye ploti Uthiru au Kinoo ana zaidi ya kupoteza. Nakala ya hati, kitambulisho, PIN na picha ya pasipoti zikiwa mkononi mwa tapeli, anaweza kukaa mbele ya mnunuzi akajiita wewe, nawe uko Minneapolis umelala.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema asiyehitaji tena taarifa zako asiendelee kuzikalia. Unaweza kudai zifutwe, na akikataa ukamshtaki kwa Kamishna wa Data. Nilimjaribu ajenti mmoja. Alinitazama kama niliyemwomba figo, lakini nakala akanirudishia. Siku hizi kila nakala ninayotoa naiandika kwa kalamu, katikati kabisa, kazi yake na tarehe. Saiba siondoki mpaka faili lifutwe nikiona, hata kwenye pipa la kompyuta. Na kwa laini ya Kenya nabonyeza *106# kuona ni nambari ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho changu.

Usiku ule wa karanga nilimwambia shangazi atoe sanduku la bati chini ya kitanda. Hati ya shamba na cheti cha kifo cha mjomba tukaviweka kando, hivyo havichomwi. Taarifa za benki, risiti za karo, nakala za vitambulisho vya watoto ambao sasa ni wazazi, zote zikaenda kwenye jiko la makaa, moja moja, maana rundo zima huungua kingo tu na katikati pakabaki pakisomeka. Mwisho nikatia ile ya karanga.

"Huyo naye nani?" shangazi akauliza.

"Simjui. Alikuwa anaomba laki tatu."

"Wakampa?"

Hilo sikuweza kumjibu. Labda limeandikwa kwenye ukurasa wa tatu, nao sijui umefungia karanga za nani.