Jumapili ya Dada

Kama na wewe ni wa kundi letu, yaani unatoka nyumbani saa 12 asubuhi kuwahi foleni na kurudi saa 2 usiku ukiwa hoi, basi bila shaka kuna mtu unayemwachia ufunguo, watoto na sufuria. Sisi wa kwetu tunamwita Dada. Ana miaka 23, katoka Singida, na huu ni mwaka wake wa pili kwetu. Mwezi huu nataka tuongee kuhusu yeye, au tuseme ukweli, kuhusu mimi, maana kuna kitu kaniomba kikanitoa jasho.

Ilikuwa Ijumaa usiku. Watoto wamelala, Baba watoto yuko kwenye taarifa ya habari. Dada akaja akasimama mlangoni pa sebule, anafuta mikono kwenye kanga.

"Mama, samahani. Naomba kila Jumapili niwe natoka."

"Unatoka kwenda wapi?"

"Popote tu, mama. Natembea, halafu narudi."

Popote ndiyo wapi? Nilimuuliza hivyo hivyo, kwa sauti ile ile ya mwalimu wa zamu. Nikaendelea: na nani? Una ndugu gani hapa mjini? Kuna mtu? Akainamisha kichwa, akasema hakuna mtu. Nikamwambia tutaangalia. Wewe unajua na mimi najua, "tutaangalia" ya mwajiri ni hapana iliyopuliziwa manukato.

Chumbani Baba watoto alikuwa upande wangu moja kwa moja. "Kupumzika si anapumzika hapa hapa? Jumapili kazi zenyewe ziko wapi? Chakula kipo, TV ipo." Halafu akashusha sauti: "Na akipata mimba, utamwambia nini mama yake?"

Hilo la mwisho sitalichekea. Mama yake aliniambia kwa simu, siku binti anapanda basi, kwamba mwanaye anamweka mikononi mwangu. Neno hilo ni zito, hasa kwa sisi tuliolelewa na shangazi na mama wadogo wa watu. Nililala nikijiona mlezi bora.

Kesho yake nikaenda kwenye kicheni pati ya rafiki yangu, Sinza. Nimependeza, nimechangia, nimepanda gari la mtu. Saa 11 jioni simu: "Uko wapi?" Saa 1: "Nani yupo hapo?" Saa 2: "Unarudi saa ngapi?" Hiyo ya tatu nilitoka nje ya ukumbi nikampa vipande vyake. Mimi siyo mtoto. Nina kazi yangu na akili zangu, na nikisema niko na wenzangu, basi niko na wenzangu. Mashoga walionisikia walinipigia vigelegele, na nikaagiza soda nyingine kuonyesha kwamba sina haraka.

Kwenye bajaji ya kurudi bado nilikuwa nachemka. Hotuba ya kumsomea mzee mzima nilikuwa nimeipanga kichwani, ina vipengele kabisa. Nilipofika kwenye kile cha mtu mzima kutohojiwa kama mwizi, nikaisikia sauti yangu ya jana yake: popote ndiyo wapi? Hotuba ikanishia hapo hapo, karibu na taa za Ubungo.

Sasa cheka kidogo. Mimi nina shahada ya mawasiliano ya umma. Chuoni tulikariri Ibara ya 19 ya Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, uhuru wa maoni na wa kutoa habari, maana kwenye mtihani ilikuwa haikosi. Ibara ya 24 ya tamko hilo hilo, inayosema kila mtu ana haki ya kupumzika na kuwa na wasaa wake, pamoja na saa za kazi zenye kikomo, sikumbuki mhadhiri yeyote aliyeigusa. Wala sisi hatukuuliza. Tulijua uhuru ni mambo ya magazeti, redio na serikali. Na Katiba yetu, tangu mabadiliko ya 1984 yaliyoingiza haki za binadamu ndani yake, inasema kwenye Ibara ya 17 kwamba raia ana haki ya kwenda kokote ndani ya Jamhuri ya Muungano. Kokote! Dada alisema "popote", mimi nikamdai anwani.

Jumatatu ofisini nikaanza uchokozi wangu, nikamuuliza kila aliyepita mezani: kwako wewe, uhuru ni nini? Nilitegemea siasa. Mpiga picha wetu akasema ni siku atakayomaliza mkopo wa kamera, aanze kukataa harusi asizozipenda. Binti wa mapokezi, aliyehama kwa kaka yake juzi juzi, akatoa ufunguo kwenye pochi akauweka mezani. Chumba kimoja, choo cha kuchangia na wapangaji wengine, lakini akiingia akafunga, hakuna anayemwambia zima taa. Dereva akasema kuzima simu. Mama anayetuletea chai ndiye aliyenikalisha chini: "Kukaa tu, mwanangu, bila mtu kukuona umekaa akakukumbuka." Hakuna hata mmoja aliyetaja kitu kikubwa. Wote walitaka kipande kidogo cha maisha ambacho hakitolewi maelezo.

Nikarudi nyumbani na kalamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ile ile ninayoikumbuka haraka sana likizo yangu ikicheleweshwa, inaweka saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki, siku zisizozidi sita, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mahali popote haisemi "isipokuwa anayefanyia kazi jikoni kwako". Dada anaamka saa 10 na nusu alfajiri, analala saa 4 usiku. Nikitoa muda wa kula na wa kujinyoosha mchana, zinabaki kama saa 15. Jumatatu, Jumanne, Jumatano: 45 hizo zimetimia. Kuanzia Alhamisi alikuwa anafanya kazi ambayo mimi nilikuwa naiita kuishi na sisi kama ndugu.

Na lile la "si anapumzika hapa hapa" nalo lina jibu lake. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2011 kwa ajili ya wafanyakazi wa majumbani, unasema mfanyakazi anayeishi kwa mwajiri halazimiki kubaki ndani ya nyumba hiyo wakati wa mapumziko yake. Waliouandika lazima waliwahi kukaa kwenye nyumba yenye watoto. Ukiwa umekaa kwenye kochi na mtoto anaita "Dadaaa, maji!", wewe utafanyaje, utamwambia uko likizo?

Baba watoto nikamsomea yote. Akasikiliza, akasema, "Mimi nakuuliza uko wapi kwa sababu nakujali." Nikamwambia najua, na mimi Dada nilimuuliza kwa sababu hiyo hiyo. Tukatazamana. Tangu siku hiyo simu zake zimepungua kutoka tatu hadi moja, na hiyo moja siku hizi inauliza kama nipikiwe au nimekula huko huko. Sijalalamika.

Kwa Dada nilikwenda jikoni mwenyewe. Nikamwambia Jumapili ni yake, kuanzia saa 3 asubuhi, arudi kabla giza halijawa nene, na mshahara haukatwi. Kuhusu mimba na wanaume niliongea naye mara moja, kama dada mkubwa, kwa lugha ya wazi, na kliniki nikamwelekeza. Zaidi ya hapo ni mtu mzima, anapiga kura. Aliitikia "asante, mama", akaendelea kuchambua mchele. Nilitegemea machozi kidogo, nakiri.

Msomaji, nisikudanganye kwamba ilikuwa raha. Jumapili ya kwanza uji uliungua, sare za shule zilikutwa Jumatatu asubuhi bado zina matope, na ibada tulifika wakati wa matangazo. Baba watoto aligundua kwamba sabuni ya vyombo huwa inaisha. Hapo ndipo nilipoelewa vizuri kwamba uhuru wangu wa kuwa mhariri, na wa kwenda kicheni pati nikiwa nimependeza, kuna mtu alikuwa anaulipia kwa siku zake saba. Wapo waliosema nimemdekeza, mwisho ataniacha. Anaweza. Na mimi ofisi hii naweza kuiacha kesho kwa notisi, na hakuna aliyeniita mkaidi.

Jumapili yake ya tano ilikuwa juzi. Alitoka na gauni la njano na raba nyeupe alizonunua kwa mshahara wake, simu mkononi. Nilikaa na swali moja kooni kutwa nzima. Saa 12 na nusu jioni geti likalia, akaingia, akavua raba barazani, na mchanga mweupe ukamwagika sakafuni, ule wa ufukweni. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyecheka sana mahali fulani.

Akashtuka, akatafuta ufagio. Nilikuwa nimeshauchukua.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Nimekula, mama."

Nikafagia ule mchanga, yeye akaingia ndani kuoga.