Utando Usio na Jina

"Mwalimu, hiki kinachonichujia damu chaitwaje?" Swali hili niliulizwa majuzi na jirani yangu mtaani Umoja, mzee ambaye huenda hospitalini mara mbili kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, kusafishwa damu. Mkononi alishika nakala ya fomu ya Kiingereza aliyoitia sahihi pasi na kuielewa. Nami, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, niligugumia.

Kitu chenyewe si muujiza. Mnamo 1943, huko Uholanzi, daktari Willem Kolff alitumia selofani, utando wa selulosi uliotumiwa kufungia soseji, akaundia figo bandia. Selulosi ndiyo polima asilia iliyomo katika pamba na miti. Vitundu vya utando huo hupitisha uchafu ambao ungetoka na mkojo, vikazuia chembe za damu. Baadaye wanasayansi waliigeuza selulosi kikemia, wakapata selulosi asetati, ambayo tangu miaka ya 1960 imetumiwa pia kuondoa chumvi majini. Leo polima za viwandani zimeenea zaidi, lakini kazi ni ile ile.

Basi sisi wakazi wa Eastlands twazitegemea tando hizi kotekote. Mifereji ikauke, watu wa Kayole hadi Dandora hununua maji ya mitungi yasemwayo kuwa yamesafishwa. Maji ya visima vingi vya Nairobi yana floridi nyingi, iharibuyo meno na mifupa, na kuyachemsha hakuiondoi. Utando wa kuondolea chumvi huipunguza sana. Uliochakaa au kutoboka hausaidii. Mnunuzi asiyeyajua hayo ataulizaje ulibadilishwa lini?

Yamkini watakuwapo watakaodai kuwa Kiswahili hakina msamiati wa sayansi. Huo ni uvivu. Tuna utando, tuna kiwambo, tuna chujio. Tulichokosa ni nia. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Ibara ya 46 inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yatakayomwezesha kufaidi bidhaa na huduma. Maelezo yasiyoeleweka si maelezo.

Hospitali na zitafsiri fomu zao. Wauza maji na wabandike maelezo kwa Kiswahili. Nasi wanaisimu tutoke maktabani. Mzee wangu anastahili kujua anachokitilia sahihi.