Farasi na Excel: fomula ambayo wauzaji wa pari hawakuonyeshi

Siku hizi, kutoka Bunia mpaka Uvira, kijana mwenye telefone anabeba kibanda cha pari mfukoni. Mpira ndio unaongoza, lakini farasi nao wamefika: wale wa kweli wanaokimbia Vincennes na Longchamp kule Ufaransa, na wale wa ordinatere wanaokimbia kwenye kioo kila dakika chache, mchana na usiku. Nyuma ya farasi hao imekuja biashara nyingine, ya watu wanaouza "fomula". Wanatuma kwenye WhatsApp picha ya jedwali la Excel lenye kijani na nyekundu, wanasema mashine imekwisha kuhesabu, farasi namba fulani ndiye wa leo, lipa kwanza ndipo upewe namba.

Mimi sina vita na Excel. Naona jedwali hilo ndilo shahidi wa kweli kuliko wote katika habari hii, mradi uliulize swali linalofaa. Wengi wanaliuliza farasi gani atashinda. Swali la kwanza lingekuwa hili: kati ya franka 1000 ninazoweka, ngapi zinakatwa kabla farasi hajatoka mlangoni?

Neno lenyewe "pari" tumelipata kwa Wafaransa, na utaratibu wa "pari mutuel" pia ni wao. Joseph Oller aliuanzisha Paris katika miaka ya 1860, sheria ya mwaka wa 1891 ikauruhusu kwenye viwanja vya mbio, na PMU ikazaliwa mwaka wa 1930 ili watu wacheze hata nje ya uwanja. Leo mbio za Ufaransa zinachezwa Dakar, Bamako na Ouagadougou na watu ambao hawajawahi kugusa farasi. Feza zote zinatiwa katika chungu kimoja, mwenye mchezo anakata sehemu yake, na kinachobaki kinagawanywa kwa walioshinda. Yeye hajali farasi gani amefika wa kwanza. Amekwisha kula.

Sasa fungua Excel, ile ya Kifaransa ambayo iko kwenye ordinatere nyingi za kwetu. Tuseme mbio ina farasi watano na chungu cha franka 1 000 000. Watu wameweka 400 000 juu ya farasi A, 200 000 juu ya B, 200 000 juu ya C, na 100 000 juu ya D na E kila mmoja. Mwenye mchezo anakata 20 kwa mia, zinabaki 800 000. Bei ya A, ile wenye kucheza wanaita "cote", inakuwa 800 000 gawanya kwa 400 000, yaani 2. B na C wanakuwa na bei ya 4, D na E bei ya 8. Andika bei hizo kutoka B2 mpaka B6. Katika C2 andika =1/B2, uvute mpaka C6, halafu chini yake =SOMME(C2:C6). Utapata 1,25. Gawanya 1 kwa 1,25, utapata 0,8. Ndiyo kusema kila franka 1000 inayoingia, kwa wastani zinarudi 800.

Fomula hiyo haihitaji kujua jina la farasi wala la mpanda farasi, na inafanya kazi hata pale ambapo kampuni inapanga bei yake yenyewe bila chungu cha pamoja, mradi uandike bei za farasi wote wa mbio ile. Jaribu na mpira pia: timu moja kushinda, sare, timu nyingine kushinda. Jumla itapita 1, na kile kinachozidi ndicho chakula cha nyumba. Halafu andika =1000*0,8^10 uone kinachobaki kwa wastani cha franka 1000 zikizungushwa mara kumi katika mchezo unaokata 20 kwa mia. Ni 107.

Najua jibu ambalo wauzaji wanatoa hapa. Wanasema kuna watu waliotajirika kwa hesabu za farasi. Ni kweli, na mwenye kujulikana zaidi ni Mmarekani Bill Benter. Aliwahi kuishi kwa kuhesabu karata kwenye kasino za Las Vegas, akafika Hong Kong katikati ya miaka ya 1980 pamoja na Mwaustralia Alan Woods. Kule mkato kwa pari ya mshindi ni karibu 17,5 kwa mia, na bado Benter alitoka na mamilioni mengi ya dola. Mwaka wa 1994 alichapisha makala yenye kueleza njia yake, na mimi ningependa kila mtu anayenunua fomula aambiwe kwanza yale yaliyomo.

Hong Kong ina viwanja viwili tu, Sha Tin na Happy Valley, chini ya klabu moja inayoandika kila kitu. Farasi ni walewale, wanakutana tena na tena. Mtu anaweza kujaza safu zake bila kubahatisha: uzito aliobeba farasi, nani alimpanda, alitoka mlango namba gani, umbali wa mbio, siku ngapi amepumzika, alifika wa ngapi mara zilizopita. Benter alihitaji mamia ya mbio, na afadhali maelfu, kabla ya kuamini namba yoyote. Hesabu yake ilitoka katika kazi ya wasomi wawili, Ruth Bolton na Randall Chapman, ambao mwaka wa 1986 walionyesha namna ya kumpa kila farasi uwezekano wake ili jumla ya farasi wote ifike 1. Kwa wastani na jumla peke yake hufiki pale.

Hata kwa kazi yote hiyo, msimu wa kwanza walipoteza sehemu kubwa ya mtaji wao. Baadaye Benter aligundua jambo ambalo nalipenda kuliko yote: hesabu yake peke yake haikutosha. Sherti aichanganye na bei ya umati. Umati unajua mambo ambayo safu zako hazina, kwa mfano farasi aliyeonekana mchovu asubuhi. Unapopata uwezekano tofauti na ule wa umati, mara nyingi umati ndio wenye haki. Faida ya Benter ilikuwa katika zile nafasi chache ndogo ambazo bei ilikuwa imekosea na yeye alikuwa na ushahidi.

Kwa kujua aweke kiasi gani, alitumia kanuni ya John Kelly wa maabara ya Bell, ya mwaka wa 1956. Iweke kwenye jedwali letu. Farasi B ana bei ya 4, na umati unampa nafasi ya 20 kwa mia. Andika =((4-1)*0,2-0,8)/(4-1). Jibu liko chini ya sifuri. Kelly anakuambia usiweke hata franka moja. Ukitaka jibu lipande juu ya sifuri, lazima uwe na sababu ya kuamini kwamba nafasi ya B inapita 25 kwa mia, nayo sababu hiyo haitoki katika ndoto wala katika namba ya bahati.

Sasa turudi kwa muuzaji wetu. Tuseme fomula yake ni nzuri kweli na leo imechagua B. Wateja wake wote wanaweka pamoja franka 200 000 juu ya B. Chungu kinafika 1 200 000, mkato unaacha 960 000, na juu ya B sasa kuna 400 000. Bei yake inaanguka kutoka 4 mpaka 2,4. Katika pari mutuel, kila mtu unayemwambia siri yako anakula sehemu ya faida yako. Mwenye siri ya kweli angefunga mdomo.

Lakini mara nyingi fomula si nzuri, na hapa Excel inaweza kumdanganya hata mtu mwenye nia safi. Una mbio 50 na safu 40. Unajaribu NB.SI.ENS ya farasi wa mlango wa 3 siku ya mvua, kisha wa mlango wa 7 kwenye mbio fupi, kisha wenye umri wa miaka minne. Ukijaribu kanuni 20 zisizo na maana yoyote, na kila moja ina nafasi ya 5 kwa mia ya kuonekana nzuri kwa bahati tu, hesabu ya =1-0,95^20 inatoa 0,64. Yaani uwezekano wa kupata walau "siri" moja ya uongo unapita nusu. Dawa yake ni rahisi, lakini wachache wana uvumilivu nayo: gawanya mbio zako mara mbili, tafuta kanuni katika nusu ya kwanza, halafu ijaribu katika nusu ya pili ambayo hukuiangalia kabisa. Nyingi zinakufa pale pale.

Kuhusu farasi wa ordinatere sitakawia. Kuna vijana wanaoandika matokeo yao kwenye daftari, ukurasa baada ya ukurasa, wakitafuta zamu ya namba 5. Yule si farasi. Hana mguu wala mchovu wala mpanda. Mashine inachagua namba kwa bahati, na mbio iliyopita haijui kitu juu ya mbio inayokuja. Ukitaka kumwona vizuri, mtengeneze mwenyewe: andika =SI(ALEA()<0,2;3000;-1000), ambayo ni franka 1000 juu ya farasi kama B wetu, uvute mpaka mstari wa 1000, ufanye jumla. Bonyeza F9, mbio zote zinakimbia upya. Jumla itazunguka karibu na hasara ya 200 000, na unaweza kubonyeza mara mia bila kuiona ikipanda juu ya sifuri.

Angalia lakini mistari 20 ya kwanza peke yake. Karibu mara moja kati ya tano utajikuta na faida. Huyo ndiye kijana anayetuma picha ya tiketi yake kwenye kikundi, na ameshinda kweli, hadanganyi mtu. Wale wanne wengine hawatumi picha.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza ni kwa wenye mamlaka, mjini na mkoani: kila kibanda cha pari kibandike karatasi mlangoni, kwa Kiswahili, yenye kusema kati ya franka 1000 zinazowekwa ni ngapi zinarudi kwa wachezaji. Haihitaji tume. Mwenye kibanda anaijua namba hiyo kila jioni anapofunga hesabu, na asipotaka kuisema, mtu yeyote mwenye orodha ya bei na Excel anaweza kukaribia kuitafuta.

La pili ni kwa walimu wa hesabu. Wanafunzi wetu wanasoma uwezekano kwa mipira mieupe na myeusi iliyo ndani ya mfuko ambao hakuna aliyewahi kuuona, wakati kila jioni wanapita mbele ya kibanda chenye bei zilizoandikwa ukutani. Chukueni bei zile mpeleke darasani. Saa moja inatosha kwa =1/B2 na kwa ALEA. Na kwa sababu ordinatere ni chache, wanafunzi sita wanaweza kuzunguka moja. Mwenye kubonyeza F9 awe yule anayejivunia tiketi zake.

Ufundi huo hautabaki kwa farasi. Vikundi vya AVEC katika vijiji vyetu bado vingi vinafanya hesabu ya mwisho wa mwaka kwa karatasi na kalamu, na ugomvi unazuka juu ya hisa za nani na faini ya nani. SOMME.SI inayohesabu feza zilizowekwa juu ya farasi B ndiyo ileile inayohesabu hisa za mama mmoja kwa mwaka mzima. Kijana aliyekwisha kuijifunza ana kazi inayomngoja siku ya kugawana, na kikundi kinaweza kumlipa.