Jeshi la Uhifadhi lichanganye fani

Vikosi vya Jeshi la Uhifadhi vinavyolinda mpaka wa Hifadhi ya Mikumi, kuanzia vijiji vya Ruhembe, viwachanganye wataalamu wa droni na ramani na watu waliosomea sosholojia, historia na lugha.

Tembo akivamia miwa usiku, kifaa cha GPS shingoni kitaonyesha alikopita. Hakitaonyesha kwa nini mkulima hakupiga simu. Pengine aliwahi kupiga, tathmini ikafanyika, na kifuta jasho anakisubiri hadi leo. Malipo hayo huhesabiwa kwa ekari na kwa umbali wa shamba kutoka mpakani. Anahitaji mtu wa kuketi naye na kumfafanulia, si sare iliyomsimamia kichwani.

Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964. Wapo wazee wanaozikumbuka njia za wanyama za kabla ya hapo, na kuwahoji ni kazi yenye ujuzi wake, kama ilivyo kurusha droni.

Hatusemi bunduki ziwekwe kando, majangili wapo.

Wenye dhamana ya ajira waandike nafasi hizo katika tangazo lijalo, na watakaoajiriwa wapangiwe doria, si masjala.